Ekari Nne na Nusu za Vosne-Romanée

Mgeni akifika kijiji cha Vosne-Romanée, katika eneo la Bourgogne mashariki mwa Ufaransa, anaweza kulipita shamba hili asilijue. Hakuna kasri wala lango la fahari. Kuna ukuta mfupi wa mawe, msalaba wa mawe, na mizabibu iliyopogolewa ikabaki na kimo cha kiunoni. Shamba zima ni hekta 1.8, yaani ekari nne na nusu hivi. Humo ndimo unamotoka mvinyo mwekundu wa Romanée-Conti, chupa elfu chache tu kwa mwaka.

Kwa karne nyingi ardhi hii ilikuwa ya watawa wa Saint-Vivant. Baadaye ikamilikiwa na ukoo wa Croonembourg, na mwaka 1760 akainunua Louis-François de Bourbon, mwanamfalme wa Conti, kwa bei kubwa mno kwa zama zile. Mvinyo wake hakuupeleka sokoni. Aliuweka kwa ajili ya meza yake na wageni wake. Yalipokuja Mapinduzi ya Ufaransa, mali ya ukoo wa Conti ilitaifishwa, na mwaka 1794 shamba likanadiwa kwa jina la Romanée-Conti. Vyeo vya mabwana vilikuwa vimefutwa, lakini jina la bwana huyu likabaki kwenye ardhi, na lipo mpaka leo.

Sura inayonigusa zaidi ni ya baadaye. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, wa jamii ya karibu na vidukari, aliingia Ufaransa kutoka Marekani akaanza kunyonya mizizi. Hatimaye karibu kila mkulima aling'oa mizabibu yake, akapanda miche ya Kifaransa iliyobebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu huyo. Wenye Romanée-Conti walikataa. Walitaka mizabibu yao isimame kwa mizizi yake yenyewe, kama ya watawa. Shina likizeeka, hawakuleta mche mgeni. Walichimba shimo, wakaulaza mzabibu ule ule humo, wakaufukia na kuacha ncha za matawi zikichungulia juu ya udongo. Matawi yaliyofukiwa yakaota mizizi, na ncha hizo zikawa mashina mapya. Na ili kumzuia mdudu, walidunga ardhini dawa ya kaboni disalfidi, ambayo ni sumu na hushika moto upesi. Walifanya hivyo kwa miongo kadhaa. Wapo watakaouita ukaidi. Mimi nauona ni uaminifu kwa kitu walichorithi.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyowashinda. Dawa iliadimika, watu wa kazi wakapungua, mizabibu ikadhoofika. Majira ya kuchipua ya 1945 baridi kali iliunguza machipukizi, na zabibu zilizosalimika zikatoa chupa 600 hivi. Baada ya mavuno hayo mizabibu ikang'olewa. Mwaka 1947 ikapandwa mingine, hii ya kubebeshwa, kwa vikonyo vilivyotoka La Tâche, shamba jingine la wamiliki hao hao. Haikutoka tena chupa yenye jina la Romanée-Conti mpaka mavuno ya 1952.

Oktoba 2018, mnadani New York, chupa moja ya 1945 iliuzwa kwa dola 558,000. Magazeti yaliikazania bei. Mimi nilifikiria kilichomo. Mvinyo wa umri huo huachwa umesimama wima kwanza ili mashapo yatuame, kisha humiminwa taratibu, bila kutikiswa. Wekundu wake huwa umefifia, pembeni mwa glasi ukaelekea rangi ya tofali, na harufu ya matunda huwa imeipisha ile ya majani makavu na udongo wenye unyevu. Katika chupa ile yamo maji ya zabibu za mwisho za mizabibu iliyokuwa ikilazwa na kufukiwa, kizazi baada ya kizazi, ndani ya ekari zile nne na nusu.