Tundu Lililotangulia Keekee

Mwaka 1958 William Shockley, mwanafizikia wa Marekani ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wenziwe wawili kwa ajili ya transista, alipeleka maombi ya hataza juu ya jambo ambalo kwa dhahiri yake ni jepesi mno: bapa la silikoni, au la kitu cha jinsi yake, litobolewe kutoka uso hata mgongo. Hataza akapewa mwaka 1962. Merlin Smith na Emanuel Stern wa kampuni ya IBM wakaomba yao mwaka 1964, iliyoeleza namna ya kupitisha maungio ya umeme katika matundu hayo. Kisha fikra yenyewe ikawekwa kando, kama joho lililoshonwa kabla ya posa.

Si kwamba wataalamu walighafilika. Faida ya matundu hayo ni kurundika vipande vya silikoni juu kwa juu; lakini ghorofa hujengwa ardhi inapokuwa ghali, na katika silikoni ardhi ilikuwa ikizidi kila uchao, maana transista zilikuwa zikipungua ukubwa hata palipokaa moja jana pakakaa mbili leo; nani basi ajisumbue kupanda juu? Tena keekee haikuwapo. Asidi iliyotumika kuchimba aghalabu hula ubavuni kama ilavyo chini, ikaacha bakuli mahali palipotakiwa kisima.

Keekee ilipatikana Ujerumani, pale Franz Laermer na Andrea Schilp wa kampuni ya Bosch walipoomba, mwaka 1992, hataza ya ufundi ambao mimi nauona ndio kiini cha kisa hiki: gesi moja hula silikoni kidogo, ikasita, ya pili huzisiliba kuta za shimo kwa utando ili zisiliwe, ya kwanza hurudi, ikaitoboa sakafu peke yake, na hivyo kwa zamu, mara nyingi, hata shimo likashuka wima. Humo hutandazwa utando usiopitisha umeme, ikajazwa shaba, na bapa likasagwa mgongoni hadi likawa jembamba kuliko unywele, ncha za shaba zikachomoza tayari kuungana na kipande cha chini. Shaba nayo ina inda yake: ikipata joto hutanuka mara kadhaa kuliko silikoni, ikazisukuma kuta zilizoikaribisha.

Huko Sendai, Japani, Mitsumasa Koyanagi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku walipanga kumbukumbu ya kompyuta ya tabaka tatu mwaka 2000. Soko halikuharakia, mpaka vichakataji vilipokuwa na kasi kuliko nyaya chache zilizovilisha data kutoka kumbukumbu iliyokaa mbali. Mwaka 2015 kampuni ya AMD ikauza kadi ya michoro yenye marundo manne ya kumbukumbu, kila rundo tabaka nne juu ya msingi wake, na njia 1,024 za data kwa kila moja.

Muda wa hataza ya Shockley ulikuwa umekoma tangu 1979, naye mwenyewe alifariki mwaka 1989.