Umeme na Mkondo: Istilahi za Fizikia Kandokando ya Ziwa Viktoria

Mwaka 1752, majaribio aliyoyabuni Benjamin Franklin yalithibitisha kwamba mmweko wa mawinguni na umeme wa maabara ni kitu kimoja. Katika Kiswahili vyote viwili huitwa umeme. Mtoto wa Mwanza, aliyezoea ngurumo za ziwani, huingia darasani akiwa nalo tayari neno hilo. Analo pia mkondo, alilolisikia kwa wavuvi kabla ya kukutana na “mkondo wa umeme”. Istiari hii ina ukweli wake hapa: tangu 1954, maji yatokayo ziwani pale Jinja huzungusha mitambo ya Owen Falls, na mzunguko wa sumaku kando ya koili za waya huzalisha umeme. (Kenya, kwa njia isiyotarajiwa, jina la meli ya mvuke, stima, likawa jina la umeme.)

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia ya elimu yote ya msingi Tanzania. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifuate; serikali haikukubali. Kwa hiyo, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilipochapishwa mwaka 1990, istilahi zake hazikuwa na darasa la kuzipokea. Kijana aliyekwisha kuuelewa mkondo huukariri upya kwa Kiingereza katika kidato cha kwanza.