Ziwa asubuhi, musitu muchana: namna ya kupanga siku moja kati ya Bukavu na Tshivanga

Muji wa Bukavu unaingia ndani ya ziwa Kivu kwa rasi zake tano, kama vidole vya mukono. Kaskazini-magharibi, nyuma ya vilima vya Kabare, kuna mulima Kahuzi na musitu wake. Wakaaji wengi wa muji wanajua ziwa kwa macho, na musitu kwa masimulizi tu. Kumbe vyote viwili vinaweza kuingia mu siku moja: kupiga kafi asubuhi, kisha kupanda Tshivanga, kwenye kituo kikubwa cha Parke ya Kahuzi-Biega, kilometa karibu 30 kutoka muji.

Kinachosumbua mupango huu ni saa. Ziwa linataka asubuhi, musitu nao unataka asubuhi. Mwenye hakuchagua mapema atafika ku kimoja akiwa amechelewa, na kuchelewa ku ziwa Kivu si jambo la kucheka.

Kabla ya yote: kuuliza

Tangu vita vifike Kavumu na Bukavu mu mwezi wa pili wa 2025, swali la kwanza si mvua, ni usalama. Barabara inayopita vizuri leo inaweza kufungwa kesho. Kwa hiyo pigeni simu ku ofisi ya parke siku mbili au tatu mbele, na tena siku moja mbele. Ulizeni mambo manne: kama parke inapokea wageni, njia gani ya miguu inafunguliwa, saa ya mwisho ya kuingia, na bei kamili. Ulizeni pia dereva mwenye kupita barabara hiyo kila siku. Mara nyingi yeye ndiye anajua habari ya jana jioni.

Jibu likiwa na mashaka, bakieni nyumbani. Ziwa na musitu havitahama.

Kuchagua: gorila ao matembezi?

Kahuzi-Biega ni makao ya gorila wa Grauer, ambao wanaishi mashariki mwa Congo peke yake. Watu wengi wanafikiri kwenda Tshivanga ni lazima kuona gorila. Hapana. Kuwatafuta gorila kunaweza kuchukua saa moja, kunaweza pia kuchukua saa tano, kufuatana na mahali walilala. Hakuna anayeweza kukuahidi saa ya kurudi.

Kwa hiyo mwenye kutaka gorila awape siku yao nzima, na ziwa aliweke siku ingine. Ni vile vile kwa mwenye kutaka kufika ku kilele cha Kahuzi, chenye meta 3308. Siku ya ziwa na musitu inafaa kwa matembezi ya saa mbili ao tatu pamoja na kiongozi wa parke, kwa njia fupi.

Ziwa kabla ya upepo

Asubuhi mapema maji ya Kivu mara nyingi yamelala. Jua likipanda, inchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, na upepo unaanza kuvuma. Mu majira ya mvua, kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 5, mawingu yanajikusanya nyuma ya saa sita, na zoruba inaweza kushuka bila kuchelewa. Mu kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, mvua ni kidogo lakini pepo za kusini-mashariki zina nguvu. Kiangazi hakimaanishi kwamba ziwa limetulia.

Ni kwa sababu hiyo ziwa linatangulia. Ingieni majini saa kumi na mbili ya asubuhi (6h00), mwangaza ukiwa umefika, na mutoke saa mbili (8h00). Kwa mutu asiyezoea, saa mbili za kupiga kafi zinatosha kabisa. Mikono itawaambia kesho yake.

Katika saa hizo, mufuate pwani. Zungukeni rasi moja, muingie mu gubi linalofuata, murudi. Musikate katikati ya ziwa, na kisiwa cha Idjwi si cha kwenda kwa kafi mu safari ya namna hii. Mukigeuka kurudi, hesabuni kwamba kurudi kutakula muda mwingi kuliko kwenda: mikono imechoka, na upepo unaweza kuwa umeamka. Mukienda dakika 45, mujiwekee saa nzima ya kurudi.

Kuna pia mupaka. Bukavu iko pale ziwa linapotokea kuingia mu muto Ruzizi, na ng'ambo ni Rwanda. Hakuna kamba iliyofungwa ndani ya maji kuonyesha mupaka, lakini wanajeshi wa maji wanaujua. Bakieni upande wa Congo, na kila mutu awe na kitambulisho chake mu sasheti isiyoingia maji.

Wengine wanaogopa gazi. Ni kweli ziwa Kivu lina methane na gazi ya kaboni nyingi, lakini imefungwa chini sana, mu maji ya kina, na ziwa lina kina cha meta 485. Haimsumbui mutu anayepita juu na mutumbwi. Kinachoua watu ku ziwa hili mara nyingi ni mambo ya kawaida: mizigo kupita kiasi, mawimbi, na kukosa jile.

Jile si mapambo

Mu mwezi wa 4 wa 2019, boti ilizama ku ziwa hili na watu wengi sana hawakuonekana tena. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe, na akaamuru kila musafiri wa majini avae jile ya kuokoa maisha. Mu mwezi wa 10 wa 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Ilikuwa imebakiza kidogo tu kufika. Watu walikuwa ku pwani wakiangalia.

Hiyo inafundisha kwamba kuwa karibu na pwani hakumuokoi mutu asiye na jile. Kila mumoja aivae na kuifunga, hata anayejua kuogelea, hata mwenye mutumbwi. Jile iliyokaliwa kama kiti haisaidii kitu.

Mbele ya kupanda, angalieni mutumbwi wenyewe: kama unavuja, kama kuna kopo la kutolea maji, kama makafi ni mengi kuliko wapigaji kwa moja. Mwende na muvuvi ao mwenye mutumbwi, musikodi chombo peke yake. Mupatane bei kwa saa, mbele ya kutoka. Ndani, watu wanakaa chini, hawasimami kupiga picha. Mutumbwi ukipinduka, mushikilie mutumbwi. Usiuache kwa kutaka kuogelea hadi ku pwani, sababu pwani inaonekana karibu kuliko ilivyo.

Na mutu mumoja wa inchi kavu ajue: wametoka saa ngapi, wamefuata pwani gani, watarudi saa ngapi. Saa ikipita na simu hazipokelewe, yeye atoe habari bila kungojea.

Barabara ya Miti

Nyuma ya ziwa, badilisheni nguo, muivishe tumbo: chai, mukate, ndizi, ao sambaza za kukaanga kama mama muuzaji amekwisha kuwasha moto. Saa mbili na nusu (8h30) gari iondoke. Barabara inapanda kuelekea Kavumu, kisha ku Miti munaacha njia ya Goma na kukata kushoto kuelekea Walikale. Hesabuni saa moja na nusu. Mvua ikiwa ilinyesha usiku, ongezeni nusu saa kwa matope.

Bebeni pesa kidogo kidogo, franka na dola. Noti ya dola iliyopasuka hata kidogo hakuna atakayeipokea. Ku parke lipeni ku ofisi, na mupewe risiti.

Ndani ya musitu

Ku Tshivanga muko juu ya meta 2000, wakati ziwa liko ku meta karibu 1460. Baridi inasikika, hasa kwa mutu aliyelowa asubuhi. Nguo kavu na koti ya mvua si anasa. Vaeni suruali ndefu na muiingize ndani ya soksi, sababu ya siafu. Buti za mpira ni nzuri kuliko viatu vya mazoezi. Mikono mirefu inalinda na majani yenye kuwasha. Kila mutu awe na litre moja ao mbili za maji, na chupa tupu irudi muji.

Kiongozi ndiye anaongoza: akisema simama, munasimama. Hakuna kuacha njia, kukata mianzi, wala kutupa chakula. Mwenye kikohozi ao homa asiingie, maana magonjwa yetu yanaingia kwa gorila, na familia yao inaweza kukutana na njia yenu bila kutafutwa. Ikitokea, muvae maski, musonge nyuma polepole, musikimbie.

Musitu huu una historia nzito. Parke iliundwa mu 1970 na kupanuliwa mu 1975, na familia za Watwa zilizoishi humo zikaondolewa. UNESCO iliiandika ku urithi wa dunia mu 1980, kisha ku orodha ya urithi ulio hatarini mu 1997. Mu 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoona kwamba haki za Watwa hao zilivunjwa. Mugeni hawezi kumaliza jambo hilo kwa siku moja, lakini anaweza kutembea akijua, na kumusikiliza mwenye kumuonyesha njia.

Saa ya kugeuka

Mukiingia saa nne (10h00), saa saba (13h00) muwe mumefika tena ku kituo, hata kama njia ilikuwa inabakia tamu. Saa nane (14h00) gari inashuka. Saa kumi (16h00) muko Bukavu, jua likiwa lingali juu, na saa mbili za akiba kama gurudumu limepasuka ao gari limekwama.

Kama asubuhi munaona mawimbi, futeni ziwa na mupande moja kwa moja ku musitu. Kama barabara imefungwa, mulibaki na asubuhi nzuri ku maji. Siku yenye sehemu mbili ina faida hiyo: moja ikikataa, ingine inabaki. Kosa ni kulazimisha zote mbili sababu pesa imekwisha kutoka.