Nyumba ya Nahodha – Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA

Mwalimu amekubali kuinunua nyumba ya Nahodha kwa shilingi milioni 27 kutoka kwenye mafao yake ya kustaafu. Deni la benki limefika milioni 38. Barua ya kuiomba benki ipokee pungufu ilipelekwa Dar es Salaam, majibu hayajarudi. Asubuhi hii dalali amebandika tangazo mlangoni.

SASA ENDELEA…

Gundi ilikuwa bado mbichi. Nahodha alilisoma tangazo akifuatisha mistari kwa kidole: nyumba ya vyumba vinne, Kibiti mjini, kuuzwa kwa mnada wa hadhara baada ya siku 14. Chini palikuwa na namba ya simu ya dalali. Ya benki haikuwapo.

"Juzi wameniambia nisubiri majibu," alisema. "Leo wanaiuza."

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa uani anapepeta mchele. Hakuinua uso.

Kabla ya adhuhuri bodaboda ikamshusha Mwalimu kutoka Bungu. Hata maji ya kunywa aliyakataa.

"Nahodha, kaka yangu, nimeacha kiwanja kizuri kwa ajili ya nyumba hii. Wanangu kila siku wananiuliza, baba, hiyo nyumba ipo au haipo? Niwajibu nini?"

Alikuwa na haki ya kulalamika. Ukinunua nyumba iliyowekwa rehani, kukubaliana bei na mwenyewe hakutoshi. Wapo wenye neno la mwisho ambao hutawaona. Mthamini alikuja, akapima kuta, akaandika thamani ya soko na thamani ya kuuza haraka. Ripoti ikalala tawini mpaka afisa mikopo aliyeiagiza akahamishwa. Aliyempokea akataka ripoti mpya, kwa gharama ya Nahodha. Kila walipouliza, jibu lilikuwa moja: faili liko makao makuu. Riba nayo haikungoja faili. Siku barua inaandikwa deni lilikuwa milioni 35, na Nahodha aliomba asamehewe nane. Sasa pengo limekuwa milioni 11, na hakuna aliyekopa hata senti zaidi.

Na mkopo wenyewe haukuwa wa anasa. Alinunua injini ya mashua na masanduku ya barafu ili atoe kamba Salale mpaka Nyamisati kabla hawajaharibika. Faida ya mwanzo akawakopesha wakulima wa mpunga bondeni, wamlipe wakivuna. Mto Rufiji ukafurika Aprili 2024. Maji yakafunika mashamba, madungu ya kulindia ndege yakabebwa, na waliokuwa wanadaiwa wakawa hawana hata mbegu. Angewadai nini?

Walikwenda benki wote watatu. Meneja wa tawi alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamooni wazee wangu. Majibu yametoka jana jioni."

"Marahaba," Mwalimu aliitikia. "Na tangazo limebandikwa leo asubuhi?"

Meneja akajifanya hakusikia. Benki itapokea milioni 27 na kumwachia Mwalimu hati. Mnada utasimamishwa iwapo fedha zitaingia kabla ya Ijumaa. Ila milioni 11 zilizobaki Nahodha ataendelea kudaiwa.

"Nyumba niwape, na deni nibaki nalo?" Nahodha aliuliza.

"Mnadani linaweza kubaki kubwa zaidi, mzee."

Mwalimu akaegemea meza. "Mpwa wangu ni wakili. Kanieleza kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayeuza rehani atafute bei bora inayopatikana. Mkiitupa mnadani kwa chini ya robo tatu ya bei ya soko, mtatakiwa mjieleze."

"Ndiyo maana tunataka tumalizane hapa," meneja alisema, akalifungua faili. "Mama atathibitisha tu ridhaa yake ya mwanzo."

Akaisogeza karatasi. Penye nafasi ya mwenza wa mkopaji palikuwa na saini ya wino wa bluu, ndefu, iliyomalizika kwa mkia uliopinda kurudi nyuma.

Mwalimu aliitazama, kisha akamtazama Mama Pacha. Mwalimu ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikoba chao. Kila Jumamosi mama huyu aliweka dole gumba kwenye wino wa zambarau, kwa sababu kalamu hakuwahi kuishika.

Akamwinamia Nahodha sikioni. "Nyumba ya ndoa hairehanishwi bila ridhaa ya mke. Akiikana hii saini, rehani yote inaweza kuanguka na mnada ukafa. Lakini kughushi ni jela. Nani aliandika hapa?"

Nahodha alikuwa anatazama sakafu.

Mama Pacha hakujua kusoma, lakini mkia ule aliujua. Aliuona kwenye daftari la mapishi ya harusi, kwenye bahasha za michango, kwenye kila karatasi aliyoandikiwa nyumbani kwake. Ulikuwa wa Doto, binti yake mdogo, anayeolewa mwezi ujao.

"Mama," meneja alisema, kalamu mkononi, "saini hii ni yako, au si yako?"

Mama Pacha alivuta pumzi, akafungua kinywa kujibu. Mlango ukasukumwa. Doto aliingia akihema, simu sikioni.

"Mama, usiseme neno!"

ITAENDELEA WIKI IJAYO