Zaidi ya Miaka 50 Tangu Azimio la Musoma: Shule ya Msingi Kisiwani Bumbire

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ng'ambo ya ziwa letu la Victoria, ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri awe darasani. Mpango wa awali ulilenga 1989. Mwalimu Nyerere aliona watoto hawawezi kungojeshwa muda wote huo, nasi wa visiwani tunamshukuru mpaka leo, maana kwa ratiba ya kawaida visiwa hufikiwa mwisho.

Nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, nikachukuliwa kuwa mwalimu wa UPE, yaani mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Asubuhi tulifundisha la kwanza na la pili chini ya jicho la mwalimu mzoefu. Mchana na jioni tukawa wanafunzi wenyewe, kwa masomo ya posta na ya redio, miaka mitatu. Nchi nzima tulizidi 35,000. Wapo waliotuita "Ualimu Pasipo Elimu". Nasema bila kuficha: neno lile lilituonea. Mwaka 1974 shule za msingi zilikuwa na watoto kama milioni 1.2, 1978 walikaribia milioni 3. Nani mwingine angewapokea?

Darasa letu la kwanza lilikuwa kivuli cha mti. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyovushwa kwa mtumbwi, na watoto wengi waliigonga kwa zamu bila kuwahi kuona gari lenyewe. Madaftari yalikuwa machache, kwa hiyo irabu ziliandikwa kwa kidole kwenye mchanga, mchanga uleule unaoanikiwa dagaa. Mtoto akimaliza "a" yake anatazama juu, mwalimu anaitikia kwa kichwa, kisha anaifuta kwa kiganja na kuanza "e". Nimefundisha kwa vifaa bora baadaye, lakini sijaona tena umakini kama ule.

Na walikuwa watoto wa nani? Wahaya, ndiyo, lakini pia Wajita, Wakerewe, Wazinza na Wasukuma, kwa sababu samaki huita watu. Dawati moja lilibeba lugha tatu. Kiswahili hakikuwa somo tu, kilikuwa njia pekee ya kuazimana kalamu. Mzazi akija kuandikisha hakuulizwa kabila wala dini. Aliulizwa jina la mtoto na kambi ya uvuvi anayoishi. Kambi ilibidi iandikwe kwa penseli, maana ingebadilika.

Kuna jambo mkaguzi kutoka bara hakulielewa haraka: mahudhurio yetu yalifuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika na darasa hujaa. Giza likirudi, mtoto anaamka alfajiri kumsaidia mama kuanika, na nafasi yake darasani inabaki wazi. Ukilifungua daftari la mahudhurio unaona alama zikijaa na kupungua kama mwezi wenyewe. Mwalimu Mkuu wetu wa kwanza, Mungu amrehemu, hakuwachapa watoto hao. Alihamishia hesabu ngumu kwenye wiki za mbalamwezi, basi.

Somo la historia lilikuwa fahari yetu. Aprili 1875 mpelelezi Stanley alifika hapa, wenyeji wakamnyang'anya makasia, akatoroka kwa kupiga maji na mbao za chombo chake. Agosti akarudi na bunduki, akaua watu wengi. Watoto wetu walikijua kisa hicho kwa bibi zao kabla ya kukisoma kitabuni.

Miaka iliyofuata nitaipitia kwa kifupi. Mwishoni mwa 1978 vilikuja Vita vya Kagera. Masomo yaliendelea kadiri ilivyowezekana. Miaka ya 1980 sangara alileta watu wengi na fedha, na kuna wavulana waliochagua nyavu. Michango ya wazazi shuleni ikarudi. Kisha UKIMWI, ulioanza kutambuliwa Kagera mwaka 1983; walezi wakawa mabibi, na shule ikasimama nao. Mei 1996 ikazama meli ya MV Bukoba. Mwaka 2001 ada ilifutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002, na nchini wanafunzi wakatoka milioni 4.8 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Mwaka 2012 waliofaulu darasa la saba kitaifa walikuwa asilimia 30.7 tu, mwaka wa majonzi. 2023 asilimia 80.58. Januari 2016 elimu bila malipo ikaondoa na michango ya lazima. Tetemeko la ardhi, Septemba 2016. Na sasa sera mpya ya elimu, ambayo chini yake darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027.

Ninafurahia asilimia hizo. Ila huhesabiwa kwa waliofanya mtihani. Mtoto aliyehamia kambi nyingine mwezi wa tano hayumo katika kufaulu wala kufeli. Shule ya kisiwa ipimwe kwa karatasi zote mbili, ya matokeo na ya mahudhurio, tena ukianza na ya mahudhurio.

Kwa hiyo wenzangu tuliostaafu, na ninyi wajukuu wa waliotangulia: madaftari ya zamani ya mahudhurio yaliyobaki makabatini na kwenye masanduku, hata yaliyoliwa na mchwa, yaleteni shuleni. Maandishi yale ya penseli yanafifia.