Kaye ya Nyangwe

Wazee wetu wa Maniema waliweka habari ndani ya masimulizi, nyimbo na majina ya watoto. Lakini siku moja ya kwetu tunaijua karibu saa kwa saa, sababu mutu mmoja alikuwa na desturi ya kuandika kila siku.

Huyo mutu ni David Livingstone. Alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwezi wa Machi 1871. Alitafuta mitumbwi ya kuvuka mto, akaikosa, akakaa miezi. Karatasi zikamwishia. Hakuacha: alichukua gazeti la zamani la Uingereza, akaandika juu ya maandishi yake kwa wino uliotengenezwa na mimea ya pale.

Alipenda kutembea sokoni. Tarehe 15 Julai 1871 aliandika kwamba watu karibu 1500 walikuja, wengi wao wamama. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki. Ugomvi ulianzia kwa bei ya kuku, kisha risasi zikalia. Wamama wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kuwa kati ya 330 na 400.

Habari ile ilipofika Ulaya, iliwapa nguvu waliopigania mwisho wa utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Lakini tusome kwa akili. Livingstone alipoandika tena habari zake katika kitabu kikubwa, mambo mengine aliyabadili. Wataalamu walipiga picha za lile gazeti kwa mwanga wa namna mbalimbali, wakatoa maandishi ya kwanza mwaka 2011, na tofauti zikaonekana wazi.

Kuna jambo lingine, nalo linauma zaidi. Wamama waliokufa wamebaki hesabu tu, 330 ao 400. Aliyeshika kalamu alikuwa mugeni. Majina yao hakuyajua.

Mwaka 1965 André Yav, aliyefanya kazi za nyumbani kwa wazungu, aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha muji ule. Humo wanaosema ni wale waliopika na kufua. Ile njo tofauti ya kuandikwa na kujiandika.

Basi, ndugu musomaji, kaye na bic havina bei kubwa. Andika tarehe. Andika kilichotokea. Na usisahau majina.