Jalada kama Chanzo cha Historia: Fasihi Pendwa katika Mpaka wa Busia na Tororo, 1948–1979

Historia ya fasihi pendwa ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kutazama maneno. Kazi za Faraji Katalambulla, Charles Mangua na David Maillu zimehakikiwa kwa upande wa lugha, mtindo na maadili, ilhali picha za majalada yake zimechukuliwa kuwa pambo la kumvutia mnunuzi tu. Makala hii inadai kwamba jalada ni chanzo cha historia kinachojitegemea, na kwamba thamani yake hudhihirika hasa mpakani, baina ya Busia na Tororo.

Mpaka huo una asili yake katika uamuzi wa 1902, ambapo Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Wasamia na Wateso walijikuta pande zote mbili. Upande wa Uganda, shule zilitumia Kiingereza na lugha za wenyeji, nacho Kiswahili kikahusishwa zaidi na soko, jeshi na polisi. Upande wa Kenya, Kiswahili kilisikika pia redioni na kusomwa magazetini. Katika mazingira hayo, picha ilikuwa na uwezo wa kutangulia neno. Kofia ya panama ya Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la picha *African Film*, haikuhitaji mkalimani.

Kitabu chenyewe hubeba pia alama za siasa ya wakati wake. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 na kuchapisha *Simu ya Kifo* ya Katalambulla mwaka 1965, lilitaja miji mitatu katika anwani yake: Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Hadi 1966 nchi hizo zilitumia shilingi moja. Bei ya kitabu ilikuwa na maana ileile Busia na Tororo. Baadaye kila nchi ikawa na sarafu yake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia waliokuwa nguzo ya biashara ya maduka. Februari 1976 alidai sehemu za magharibi mwa Kenya. Na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mrithi wa shirika hilo upande wa Kenya alibaki na anwani ya Nairobi pekee. Anayelinganisha nakala za vipindi hivyo viwili huona Afrika Mashariki ikipungua kutoka miji mitatu hadi mmoja.

Katika miaka hiyohiyo Nairobi ilizalisha taswira mpya za jiji. Maillu alianzisha kampuni yake ya Comb Books na kutoa *My Dear Bottle* mwaka 1973 na *After 4.30* mwaka 1974. Jarida la *Joe*, la Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, lilidumu kuanzia 1973 hadi 1979, likimchora mwananchi wa kawaida na mahangaiko yake. Ni kweli kwamba jalada huonyesha kile ambacho mchapishaji alitaka kuuza, wala si lazima kile msomaji alichoelewa. Hata hivyo, hiyo nayo ni habari ya kihistoria: hubainisha tamaa na hofu zilizodhaniwa kuwa na soko.

Chanzo hiki kimo hatarini. Maktaba zinapojalidi upya vitabu vya karatasi nyepesi kwa ubao mgumu, jalada la awali mara nyingi hukatwa na kutupwa. Na katalogi nyingi humtaja mwandishi bila kumtaja mchoraji. Hivyo nakala chakavu iliyohifadhiwa nyumbani, ikiwa na bei, mhuri wa duka na jina la mwenyewe, yaweza kuwa na ushahidi mwingi kuliko ile ya maktaba. Inapendekezwa kwamba watafiti wa pande zote mbili za mpaka wazipige picha nakala hizo zikiwa bado mikononi mwa wenyewe, waandike majina ya wachoraji kila yanapopatikana, na kuwauliza wazee walizipata wapi na kwa fedha ipi.